Dirisha la Magu

Mama alitoa sharti lake Jumapili mchana, tukimenya ndizi nyuma ya nyumba yake ya Mkolani, hapa Mwanza. Hakuinua macho. Alisema nimpeleke kwanza kwenye zile sehemu za kitabu, zote, kuanzia stesheni ya treni mpaka Magu, ndipo atatoa jibu kuhusu matanga ya mdogo wangu. Nilimuuliza kitabu gani, ingawa nilijua vizuri. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayejifanya hakusikia kengele ya shule, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa jikoni akipuliza mkaa. Alisikia kila neno, maana niliona ameacha kupuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akilisubiri jibu hilo kuliko mimi na kuliko ukoo mzima.

Niseme ilivyokuwa. Mdogo wangu alikuwa akinunua samaki visiwani na kuwaleta mjini kwa mtumbwi wa injini. Siku moja upepo uliwakuta katikati ya safari, mtumbwi ukapinduka. Baadhi ya wenzake waliokotwa wakiwa wameng'ang'ania madumu. Yeye hakuokotwa. Tulizunguka fukwe za Igombe tukiuliza kila mvuvi, tukaenda hadi visiwani, tukarudi mikono mitupu. Wavuvi walituambia ziwa letu halikai na mtu, baada ya siku chache humrudisha, nao walisema hivyo kwa upole wakidhani wanatufariji. Yeye halikumrudisha. Tangu hapo mama hakulitazama tena ziwa. Tukipita naye barabara ya kando ya maji alikuwa akigeuza uso upande wa milimani, na nyumbani alihamisha kiti chake cha barazani kikatazama choo cha jirani.

Asili yetu ni Kagera, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Kwetu mtu akifa na mwili wake usionekane, haachwi hivihivi. Unakatwa mgomba, unavikwa shuka, unalazwa kaburini badala yake. Padre anasali, watu wanalia, matanga yanakaa, na siku ikifika yanaanuliwa. Mimi naiona ni desturi ya watu wenye akili, kwa sababu nani anaweza kukaa analililia ziwa zima? Lakini baba mdogo na wazee wengine walipovuka kuja Mkolani na mapanga yao, mama aliingia katikati ya migomba yake, ile aliyoiotesha kwa machipukizi aliyokuja nayo kutoka kwao, akasema hapo hautakatwa mgomba wowote. Mwanawe yuko hai. Wazee walimbembeleza mpaka wakachoka. Wakanywa chai, wakarudi kwao.

Bila kaburi hakuna matanga, na bila matanga kuanuliwa mke wa mtu hubaki mke wa mtu. Wifi akabaki. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mchana alishona nguo za watu barazani, jioni alimkanda mama miguu. Chakula cha mume wake kilipakuliwa kila usiku na kufunikwa kwa sahani nyingine, asubuhi kikawa kiporo, na kiporo hicho alikila yeye, kwa sababu mama hakutaka kimwagwe wala kuliwa na mtu mwingine. Nilipokuwa nikilala pale nilimwona akikila amesimama, upesiupesi, kama anayemeza dawa.

Hata methali moja ilipigwa marufuku nyumbani kwetu bila mtu kutangaza. Jirani alikuja kuomba chumvi, akaanza kumsema shemeji yake aliyekuwa akihangaika na kesi isiyo na kichwa wala miguu, akamalizia kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Mama alimpa chumvi, tena nyingi, akamwambia asirudi tena. Mpaka leo jirani yule akitoka sokoni hupita upande wa pili wa njia.

Sasa kitabu chenyewe. Wengi wa rika langu hapa Mwanza walikisoma: hadithi ya upelelezi ya zamani, karatasi za njano, ikipita mkono kwa mkono mpaka jalada likaisha. Sitakitaja jina, wala mtunzi wake simtaji, kwa sababu nina ugomvi naye. Kinamhusu karani wa pamba ambaye inasemekana amezama ziwani. Ndugu zake wanamzikia mgomba. Mpelelezi anakuja na treni, anapanga chumba karibu na stesheni, anahojihoji watu bandarini na penye soko la samaki, na mwisho anafuata habari mpaka Magu. Huko anapanda ngazi za jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, na juu kabisa anamkuta karani mzima wa afya, amekaa dirishani akilitazama lile ziwa ambalo watu wake wanadhani limemmeza. Hadithi inaishia hapo.

Mdogo wangu alikipenda kupita kiasi. Akiwa shule ya msingi alimsomea mama kwa sauti wakati wa kumenya ndizi, akibadilisha sauti, ya mpelelezi nzito, ya karani nyembamba. Mama hakusoma sana, lakini akisikia kitu amekishika. Kikifika mwisho kinaanzwa upya. Mimi mkubwa wake nilikuwa bwenini, na nikirudi likizo nakuta nyumba nzima inazungumza habari za karani yule kana kwamba ni mjomba wetu.

"Hajaoa tena?" nilikuwa namtania mama.

"Bado," ananijibu. "Yuko tu Magu anakula wali."

Utani huo ndio uliotugeukia. Mtumbwi ulipopinduka, mama tayari alikuwa na hadithi yake: mtu anazama, wanazika mgomba, kumbe yuko hai. Hakusema waziwazi kwamba anaamini kitabu, mama yangu si mjinga. Alisema tu kwamba yule aliyeandika anaijua Mwanza, hakuandika vitu vya kubuni. Miaka ikawa inapita na yeye anarudia maneno hayohayo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu kwamba jibu lao si sahihi, na nalisema bila kupepesa macho. Kwa mama sikuthubutu.

Mwaka huu alitokea mtu. Ni fundi wa magari wa kule Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, mgane, mtu mpole anayesali kanisa moja na wifi. Hakumzungukazunguka. Alisema anataka kuoa, na kwamba atasubiri, ila angependa kujua anasubiri nini. Wifi alikuja kunieleza akiwa na nguo ya mteja mapajani, anachomoa uzi.

"Wifi," aliniambia, "mimi sikatai kukaa na mama. Ila nataka nijue nakaa kama nani."

Nikampigia simu baba mdogo, naye akampigia mama, wakazungumza kwa muda mrefu, na matokeo ya mazungumzo hayo ndiyo sharti lile la Jumapili. Kama kitabu kimesema kweli, mwanawe asizikwe na mkewe amsubiri. Kama kimesema uongo, atatuambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na alipoyatamka alimtazama wifi kule jikoni, hakunitazama mimi.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa kigari changu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani na kukaa mbele, rozari mkononi. Wifi alikaa nyuma na hotipoti ya ndizi na chupa ya chai, maana mama hawezi kusafiri hata hadi Igoma bila kubeba chakula. Nilikuwa na hasira tangu nilipowasha gari. Nilijiambia nina hasira kwa sababu ya petroli na kwa sababu ya madaftari yaliyonisubiri nyumbani.

Stesheni ilikuwa kimya, hakukuwa na treni saa ile. Mama alishuka, akasimama pale abiria wanapotokea, akatazama juu mlimani.

"Mawe yale pale," akasema. "Na nyumba zimekaa katikati ya mawe. Kama alivyosema."

"Mama, Mwanza nzima ni mawe."

"Ndiyo. Na yeye kasema mawe."

Ubishi na mama hauna faida. Tulienda kwa miguu mpaka ile nyumba ya ghorofa moja ambayo watu wa mjini husema ndiyo gesti ya kitabuni. Chini siku hizi wanauza makava ya simu na chaja. Juu, mbele ya vyumba, bado kuna kizuizi cha chuma kilichopindwa kama maua, na kwenye kitabu mpelelezi anatundika koti lake lililolowa hapohapo, juu ya maua ya chuma. Mama alisimama barabarani akayatazama, bodaboda zinampigia honi, akatikisa kichwa kukubali. Dada aliyekuwa dukani alituuliza kama tunataka kava. Wifi alinunua moja, nadhani kwa aibu, wakati simu yake ni ya tochi.

Tukaenda kule wanakouza samaki. Kitabu kinasema ndege wakubwa wenye vipara hukaa juu ya mapaa na kwenye takataka kama wazee waliokosa mkutano. Walikuwepo, makorongo wale, wamejaa, mmoja amesimama karibu kabisa na mama akimeza matumbo ya sangara. Mama alilipa ziwa mgongo, kama kawaida yake, akamwangalia yule ndege kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu msiba.

"Na ndege wapo," akasema.

Nilimgeukia wifi. Alikuwa amejifunga khanga kifuani akiwa amejikumbatia. Kila kitu tulichokikuta ni cha kweli kilikuwa kinamnyima yeye kitu, na alijua. Hapo ndipo nilipojua hasira yangu ni kwa nani. Nilimchukia mtunzi yule. Nilimchukia kwa kuwa na macho mazuri, kwa kutazama mji wetu kwa makini hivyo na kuuandika bila kosa, halafu akamweka mfu juu ya yote akamfanya mzima. Angeandika ovyoovyo tungekuwa tumemaliza asubuhi.

Barabara ya Magu ilikuwa nzuri. Baada ya Kisesa watu walikuwa wameanika mpunga kando ya lami, na akina mama wanaugeuza kwa miguu wakitembea juu yake. Mama alikuwa anaimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya chini. Karibu na Nyanguge aliacha kuimba.

"Nikimkuta," akasema, "nitampiga kwanza. Kofi moja. Ndipo nimsalimie."

Hakuna aliyecheka. Mama akavuta kitenge chake magotini, akakinyoosha.

"Natania," akasema.

Niliendesha bila kuona barabara sawasawa kwa muda. Nyuma, wifi alifungua chupa ya chai, akaifunga tena.

Jineri yenyewe imefungwa siku nyingi. Ni jengo refu la mabati na matofali, nyasi zimeota hadi mlangoni, na nje yake kuna ngazi za saruji zinazopanda hadi chumba kimoja juu. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, Msukuma, anasikiliza redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alimwona mama, akazima redio.

"Shikamoo, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mnamtafuta nani?"

"Tunatafuta dirisha," mama akasema.

Mlinzi hakucheka wala hakushangaa. "Madirisha yapo, mayu. Vioo ndiyo hakuna."

Nilimweleza kwamba mama yangu alisomewa habari za mahali hapa zamani na angependa kupaona. Akasema watu wengine waliwahi kuja kwa ajili hiyohiyo, vijana wa chuo, wakapiga picha pale getini wakaondoka. Hakuna aliyeomba kupanda. Akatangulia kutufyekea nyasi kwa fimbo.

Nilipanda wa kwanza. Nilisema nataka kuangalia kama ngazi zingali imara, na ilikuwa uongo. Mimi niliyejiona mwenye akili katika safari ile, niliyemleta mama kama mtu anayempeleka mtoto kuchomwa sindano, nilikuwa napanda ngazi zile nikitarajia kumkuta mdogo wangu. Amekaa dirishani, amenenepa kwa wali wa Magu, anageuka. Nilikuwa nimemwandalia hata la kumwambia. Nilisukuma mlango.

Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na mikanda ya chuma ya kufungia marobota, mavi ya popo, na harufu ya mbegu za pamba zilizozeeka. Dirisha lilikuwa moja tu, kubwa, ukutani kwa mbele. Sikulisogelea. Nilisimama pembeni ili mama apite.

Alipanda polepole, wifi akimshika kiwiko, mlinzi akiwafuata nyuma. Alipofika mlangoni alimwachia wifi, akajitengeneza kitambaa kichwani, akaenda dirishani peke yake. Nilielewa kwamba anajiandaa kulitazama ziwa. Alikuwa hajalitazama tangu limchukue mwanawe, na hapa, kutoka kwenye dirisha ambapo mtu alikaa akiwa hai, alikuwa tayari kulitazama. Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili, akainua uso.

Mimi nilikuwa namtazama mgongoni.

"Ziwa liko wapi?" akauliza.

Nikasogea. Mbele yetu kulikuwa na majaruba ya mpunga, mapaa ya mabati, ng'ombe wachache na mtu anayewafuata, na mbali kabisa vichaka. Hakukuwa na maji popote.

"Ziwa liko nyuma yetu, mayu," mlinzi akasema. Alinyoosha fimbo kwenye ukuta mzima usio na tundu. "Upande ule. Hapa mbele ni mashamba."

"Na ukuta huu ulikuwa na dirisha zamani? Wakaliziba?"

"Hapana. Ukuta ni uleule wa wajenzi. Baba yangu alibeba matofali yake."

"Na mtu akipanda juu ya paa?"

"Haoni, mayu. Kuna kilima kimekinga. Kuliona ziwa lazima utembee."

Mama aligusa ukuta ule. Aliupapasa kwa kiganja kuanzia kona hii hadi ile, kama anayetafuta mahali palipolowa. Kisha akarudi dirishani, akatazama tena mashamba, na akaanza kusema taratibu, anajihesabia mwenyewe.

"Stesheni alifika huyu mwandishi. Pale kwenye maua ya chuma alifika. Kwenye ndege alifika, maana ndege hawawezi kutungwa vile. Hapa hakufika. Angefika angeona mpunga."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema yale ambayo mwalimu husema, kwamba vitabu vya hadithi ni hadithi, kwamba hata kama dirisha lingekuwepo, dirisha si mtu. Nashukuru sikusema.

"Kama hakufika," mama akasema, "basi hakumwona mtu yeyote amekaa hapa."

Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha kanisani. Kisha akasema kwa lugha ya kwetu, ambayo huitumia kwa mambo asiyotaka kuyarudia, kwamba mwanawe amekufa. Alisema mara moja. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayetoa taarifa kwamba maji yamekatika.

Wifi alipiga magoti mbele yake. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, maana kumlilia mume wake mbele ya mama ilikuwa sawa na kumuua. Sasa alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama, na mama akawa anampigapiga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto. Mimi nililia nikiwa nimesimama, nimeuelekea ukuta ule usio na dirisha. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu, na nililia pia kwa sababu nilikuwa nimemtarajia.

Mlinzi alishuka bila kelele. Aliporudi alikuwa amevua kofia na ameleta maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Pole, mayu," akasema. "Mtoto?"

"Mtoto," mama akajibu.

"Pole sana."

Hotipoti haikurudi nyumbani imejaa. Mama alimlazimisha mlinzi ale, akamsimamia kabisa, akimwambia ndizi za leo zimeiva vizuri asione haya. Sisi watatu hatukula. Tulipokuwa tunaondoka mlinzi alitusindikiza hadi kwenye gari, na mama akamshukuru kwa kutomdanganya. Yule bwana akasema karibuni tena, akajutia, ilionekana usoni.

Tulipofika Igoma, foleni ya malori imetusimamisha, mama alisema bila kugeuka nyuma:

"Yule fundi wa Nyegezi."

Sikuwa nimemwambia mama chochote kuhusu fundi, na nadhani baba mdogo pia hakumtaja.

"Mwambie aje na wazee wake. Lakini asije mwezi huu. Kwanza tumzike mume wako, tukae matanga, tuanue kama inavyotakiwa. Hutatoka kwangu kama mtu anayetoroka."

"Sawa, mama," wifi akasema.

"Na leo usiku usipakue ile sahani."

Wifi akasema sawa kwa mara ya pili. Foleni ikasogea, nikaweka gia.

Baba mdogo na wazee walivuka wiki ile ile. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, padre akapangiwa saa, majirani wakaleta masufuria na mikeka, akiwemo yule wa chumvi, na mama akampokea. Wengine wanashangaa kwamba tulilia kama siku ya kwanza. Sisi tulikuwa hatujawahi kuwa na siku ya kwanza.

Asubuhi ya mazishi baba mdogo aliingia kwenye migomba na panga. Kwetu mgomba hukatwa kwa kimo cha marehemu, lakini siku hizi watu hawahangaiki sana na kimo, wanakata ulio karibu. Alikata mmoja, akaumenya maganda makavu, akaulaza juu ya mkeka kando ya shuka jeupe. Mama alitoka ndani akaja kuutazama.

"Huo mfupi," akasema.

"Shemeji, unatosha. Ni desturi tu."

"Mfupi. Mwanangu hakuwa hivyo."

Akaingia mwenyewe kwenye migomba. Aliupita huu, akaupita ule, akasimama kwenye mrefu kuliko yote, uliokuwa na mkungu bado mchanga.

"Huu una ndizi hazijakomaa," baba mdogo akamwambia.

"Nimeziona."

Akausogelea, akauegemea, akalaza shavu kwenye shina. Alifumba macho. "Kichwa changu kilikuwa kinafika hapa kifuani kwake," akasema, na akapandisha mkono juu ya kichwa chake, akiupapasa mgomba. "Hapa mabega." Alisimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, na hakufika. Akajaribu tena. Kisha akarudi nyuma, akageuka kututafuta, akamwita wifi.

"Njoo wewe," akasema. "Wewe ulikuwa unamfikia."

Wifi akaja. Alivua ndala zake, akasimama mbele ya mgomba karibu kabisa, akaulaza uso wake palepale pa zamani panapomfaa. Mkono wake ukapanda taratibu, ukapita bega, ukapita shingo, ukatulia.

"Hapa," akasema.

Baba mdogo akakata hapo.